Kalamu ya kishikwambi na watu wenye ulemavu: yanayosemwa na ukweli wake

"Kalamu ni ya mwenye mkono mzima."

Dhana hii ndiyo inayowanyima wengi kifaa kinachowafaa. Mtu ambaye misuli yake inadhoofika anaweza kushindwa kuhamisha mkono kutoka herufi moja ya kibodi hadi nyingine, huku vidole vyake bado vikiweza kusogea sentimita chache. Kibodi ndogo ikiwekwa kwenye kona ya kioo na kalamu ikiwa mkononi, anaandika.

Lakini si kila kioo kitamfaa. Nyingi ya kompyuta za kalamu zilizokuja na Windows XP Tablet PC Edition mwaka 2002 zilitumia sumaku-umeme, teknolojia ambayo kampuni ya Wacom inajulikana nayo. Kioo chake kilihisi kalamu peke yake, hivyo mkono mzito au unaotetemeka ungeweza kulala juu yake bila kuvuruga kitu. Kalamu haikuwa na betri, na hata kabla haijagusa kioo mshale uliifuata. Ukiifunga kwenye fimbo ya kushika mdomoni, inafanya kazi vilevile. Kalamu ya Samsung Galaxy Note ya mwaka 2011 ilifuata njia hiyohiyo.

Vioo vya kugusa kwa kidole, vilivyojaa madukani, vinahisi ngozi kwa kuwa inapitisha umeme. Mkono bandia wa plastiki hauonekani kwao. Hata kalamu ya bei rahisi yenye ncha ya mpira inategemea mwili wa aliyeishika. Ukiitia kwenye fimbo ya mbao, mkondo umekatika. Mteja atadhani kishikwambi kibovu, na muuzaji, nadhani, hatamwambia tofauti.

"Lazima uwe na mwandiko mzuri."

Huhitaji mwandiko wowote: kalamu inabonyeza herufi, inafungua programu, inachora. Anayetaka kuandika kwa mkono ahakikishe lugha iliyochaguliwa ni Kiswahili, kama ipo. Ikibaki Kiingereza, maneno yake yatalazimishwa yafanane na ya Kiingereza, na kusahihisha kutamchosha kuliko kuandika.

"Inamfaa kila mwenye ulemavu."

Hapana. Kwa asiyeona, ncha inayoteleza kwenye kioo laini haimwambii chochote. Yeye anahitaji TalkBack au VoiceOver, programu zinazosoma kwa sauti kilichopo kwenye kioo, na vidole vyake. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, atanufaika kwanza na kukuza maandishi. Kiziwi anaweza kuandikiana na mhudumu wa dirishani, sawa, ila hospitali isifanye hiyo kuwa sababu ya kutomleta mkalimani wa lugha ya alama. Si kila kiziwi anasoma Kiswahili kwa wepesi.

"Ni anasa ya Ulaya."

Tanzania ilitumia vishikwambi kwenye Sensa ya 2022, kisha vikagawiwa walimu. Vifaa vya Android kwa kawaida huja na mipangilio ya kukuza maandishi na ya kurefusha muda wa kugusa. Mara nyingi kinachokosekana ni kishikizo cha kufungia kishikwambi kwenye kiti cha magurudumu, kazi ambayo fundi vyuma wa mtaani anaiweza.

Ukienda kununua, laza kiganja chako chote juu ya kioo, kisha andika kwa kalamu. Halafu ifunge kwenye kijiti kikavu, ujaribu tena.