Kwenye drafti hakuna difarenshali

Kila Agosti ligi ya Uingereza ikikaribia lazima nisikie mtu anatamba kwenye grupu "raundi ya kwanza nimepiga difarenshali", na anaongelea drafti, ile ya washikaji nane mnagawana wachezaji, sio FPL (Fantasy Premier League) ya kawaida ya bajeti. Zote mbili unapanga timu ya wachezaji halisi wa ligi hiyo na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani. Jamani, ni michezo miwili tofauti hiyo.

Difarenshali ni mchezaji ambaye wachache wanaye, akifunga wewe unapanda wenzako wanabaki palepale. Basi. Hiyo ina maana kwenye FPL ya kawaida kwa sababu kule kila mtu ana milioni 100 na wote mnaruhusiwa kumchukua mtu yuleyule. 2022/23 Haaland, straika wa Manchester City, alipiga mabao 36 na mameneja mamilioni, yaani wacheza FPL, walikuwa naye, kwahiyo kuwa naye tu kulikuzuia usishuke, kupanda ilibidi utafute kwingine, na hapo ndipo asilimia ya umiliki, yaani mameneja wangapi kati ya mia wana mchezaji huyo, inapokuwa na kazi.

Sasa kwenye drafti mchezaji mmoja ana mwenyewe mmoja tu kwenye ligi yenu. Nikimchukua Haaland nyinyi saba hamna, yeye ndiye "difarenshali" kuliko wote! Bei hakuna, kepteni wa kukuzidishia pointi hakuna, na ile asilimia unayotuletea umeitoa kwenye mchezo mwingine kabisa. Kidogo inaweza kukusaidia kukisia nani atachelewa kuchukuliwa, ila ndio mwisho wake.

Kinachotakiwa kupigiwa hesabu ni pengo, yaani huyu unayemtaka anamzidi kiasi gani yule utakayempata nafasi hiyohiyo zamu yako ikirudi. Na zamu inaenda kwa kugeuka, wa nane anachagua mara mbili mfululizo, wa kwanza akishachagua anasubiri wachezaji 14 wachukuliwe ndio arudi yeye. Hapo tulia uhesabu. Kila timu inabeba makipa wawili, mabeki watano, viungo watano na mastraika watatu. Watu nane maana yake mastraika 24 wanaondoka, wakati ligi ina klabu 20 na nyingi zinaanza na straika mmoja, sasa wa mwisho mwisho hao utakuta unagombania mtu wa benchi. Makipa wanaondoka 16 na kila klabu ina wa kwake anayeanza, kwahiyo wanne wanaoanza wanabaki bure kabisa na pengo kati yao ni dogo, ndio maana kipa raundi za mwanzo naumia nikiona, namwonea huruma aliyemchukua.

Na sio kwamba straika lazima awe wa kwanza, hapana. Salah wa Liverpool 2024/25 alimaliza na pointi 344 akiwa amesajiliwa kama kiungo, ambapo bao ni pointi 5 badala ya 4 za straika, na hakukuwa na kiungo wa kumkaribia. Mtu kama huyo unamchukua hata kama viungo wapo kibao, kwa sababu pengo lake ni kubwa mno.

Kwahiyo mshikaji akija na asilimia zake msimbeze, nia yake ni nzuri, muulizeni tu kwa upole: ukimwacha huyu sasa hivi, zamu ikirudi kwako nafasi hiyo atakuwa amebaki nani?