Kutafsiri dodoso si kuondoa ukoloni

Kuondoa ukoloni katika utafiti wa afya ya akili ni kuanza na maisha na lugha ya wanaohojiwa. Hizi ni dhana potofu zinazozuia kazi hiyo.

Dhana: "Dodoso tumelitafsiri, tukalirudisha kwenye Kiingereza, maana haikupotea. Kazi imekwisha."

Haijaanza. Tafsiri ya kwenda na kurudi hupima kama maneno yanalingana. Haipimi kama jambo linaloulizwa lina umbo hilo katika maisha ya anayejibu. Mwaka 1956 daktari wa akili Frantz Fanon na mwenzake Charles Geronimi waliandika kuhusu wanawake Waislamu wa Aljeria walioonyeshwa picha za TAT, jaribio la kisaikolojia, na kutakiwa watunge hadithi. Wanawake walitaja walichokiona, basi. Mvivu wa kufikiri angesema hawana ubunifu. Fanon na Geronimi wakasema picha zilichorwa kwa ulimwengu mwingine, kwa hiyo lililofeli ni jaribio.

Chukua PHQ-9, dodoso la maswali 9 la kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni. Swali la 8 linauliza mambo mawili yanayopingana, kutembea au kuongea polepole mno, na kuhangaika bila kutulia, kisha linataka jibu moja. Majibu yake yanamtaka mtu akadirie siku ndani ya wiki 2: "zaidi ya nusu ya siku". Ukimsomea asiyezoea vipimo vya namna hiyo, mara nyingi hukimbilia ncha: hapana, au kila siku. Mtafiti anajumlisha, anapata 10, anatangaza sonona, kana kwamba kizingiti hicho cha 10 kimeshuka na mvua. Kilipatikana kwa wagonjwa wa kliniki za Marekani.

Anza kabla ya dodoso. Waulize watu 20 hadi 30: mtu akilemewa, mnamjuaje? Andika maneno yao yalivyo, hesabu yanayojirudia, utunge maswali kutoka humo. Kisha kaa na watu 8 hadi 10, mmoja mmoja. Soma swali, umwombe akueleze kwa maneno yake alivyolielewa. Hatua hii ndiyo inayorukwa kila mara kwa kisingizio cha bajeti, na ni kazi ya siku chache tu! Mwisho, linganisha alama na uamuzi wa tabibu asiyezijua, ndipo upange kizingiti. Dodoso la Kishona la maswali 14, lililotengenezwa Zimbabwe miaka ya 1990, lilijengwa juu ya lugha ya wagonjwa wenyewe, likiwemo neno kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Majibu yake ni ndiyo au hapana.

Dhana: kuondoa ukoloni ni kutupa sayansi ya Magharibi. Sivyo. Benchi la Urafiki, huduma ya afya ya akili ya Zimbabwe hiyohiyo, linatumia tiba ya utatuzi wa matatizo, iliyotoka Magharibi, watoaji wakiwa mabibi waliofunzwa. Matokeo ya jaribio lake la nasibu, yaani washiriki waligawanywa makundi kwa bahati nasibu, yalichapishwa 2016.

Dhana: "Jamii imekubali." Jamii ipi? Wazee watatu mkutanoni si jamii. Kaa na wanawake peke yao, vijana peke yao, wahamiaji peke yao, kiongozi asiwepo. Ruhusa yake inakufungulia mlango. Idhini ya kila mtu bado unaidai.

Dhana: "Tuliwashirikisha." Kama swali, bajeti na muda vilishapangwa mlipofika, mlikusanya data tu. Tangu miaka ya 1970 mwanasosholojia Orlando Fals Borda wa Kolombia alitetea utafiti ambao wananchi wanauendesha pamoja na mtafiti. Andikeni mapema nani anamiliki data na nani anaweza kuzuia matumizi yake. Matokeo yasomwe kwanza na waliohojiwa, kwa lugha yao, wapewe muda wa kuyapinga, na pingamizi zao ziingie ndani ya ripoti, si kwenye kiambatisho.