Macho Meupe, Bandama Kubwa

Mvuvi wa miaka 34 kutoka mwalo mmoja hapa Kigoma aliletwa usiku akiwa amekumbatia beseni. Ndani mlikuwa na damu nyeusi, imeganda mabongemabonge. Kwa miezi alikuwa akinunua dawa za vidonda vya tumbo. Mama yake akaniwahi kabla sijauliza: "Daktari, mwanangu hagusi pombe."

Nilimwamini. Nilimlaza chali nikapeleka mkono chini ya mbavu za kushoto, na bandama ikanipokea mapema mno: ngumu, ukingo umefika kitovuni. Lakini macho yalikuwa meupe pe. Hapo ndipo wengi tunapopotea, maana tumezoea kwamba ini likiugua macho huwa ya njano.

Damu itokayo kwenye utumbo hairudi moyoni moja kwa moja. Hukusanywa na mshipa mmoja mkubwa na kupitishwa kwanza kwenye ini ikachujwe. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hutoka huko. Kwa hiyo kinachokaa utumboni, ini hukionja.

Ndivyo kichocho cha tumbo kinavyofanya. Konokono wa ziwani huachia vijidudu majini, vikapenya ngozi ya anayekokota nyavu, anayefua, anayeoga. Mwishowe minyoo huishi mishipani kando ya utumbo, jike na dume wawili wawili, kwa miaka. Jike hutaga mayai mamia kwa siku. Mengine hutoka na choo, mengine husombwa na damu yakanasa kwenye ini. Mwili huyazungushia kovu, kovu juu ya kovu, mpaka njia inabana.

Damu ikikosa pa kupita hurudi nyuma. Bandama inavimba na kuharibu chembe za damu, mtu anapungukiwa damu na kuchoka ovyo. Mishipa ya umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, inatuna, na siku moja inapasuka. Chembe za ini zenyewe bado zinafanya kazi, ndiyo maana macho ni meupe. Ini lililosinyaa kwa homa ya ini B au pombe ni habari nyingine: amonia, sumu itokayo utumboni, hupita bila kuchujwa hadi kwenye ubongo. Mgonjwa analala mchana, anakesha usiku, anasahau jina la mkewe, ndugu wanasema karogwa. Jamani, mleteni hospitali kwanza.

Mvuvi wetu alipewa rufaa, mishipa ikafungwa. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, iliua minyoo iliyokomaa; ile michanga huiponyoka, kwa hiyo dozi hurudiwa. Makovu yake ya miaka mingi hayatafutika.

Aliporudi kliniki alikuja na binti yake wa miaka saba. Kwenye darubini niliyaona mwenyewe, katika choo cha binti, mayai ya kichocho yenye mwiba ubavuni. Ini lake lilikuwa limevimba kidogo upande wa kushoto, bandama sikuigusa. Kwa umri huo, akitibiwa, uvimbe mara nyingi hunywea. Alikuwa ameshakula ugali na dagaa. Tukamsimamisha kwenye fimbo inayopima dozi kwa urefu wa mtu, akameza kidonge kimoja na nusu, akakunja uso kwa uchungu wake.