Kabla hujaomba leseni ya silaha ya kulinda nyumba, jiulize kwanza italala wapi

Ndugu zangu wa Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa, kila mavuno yakiisha watu wanaanza kupanda ofisini kwetu polisi kuulizia leseni ya bastola au shotgani, na wengi wana sababu ya kweli kabisa. Mtu kauza mpunga Ubaruku, mwingine viazi vyake vimetoka Uporoto, mwingine ana duka la jumla Mwanjelwa na jirani yake kavunjiwa juzi tu hapo. Siwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba anaogopa bure. Ila kazi yangu ni haya masuala ya silaha kila siku, na kiukweli wengi wanaokuja wanauliza leseni inachukua muda gani na inalipiwa shilingi ngapi, hamna anayeniuliza kama silaha yenyewe itamsaidia hiyo saa nane ya usiku anayoifikiria.

Kuna mzee mmoja mfanyabiashara wa mchele, mtu mstaarabu sana, tulikaa naye tukaongea kama nusu saa hivi. Nikamuuliza, baba, silaha ukishaipata utaiweka wapi? Akasema ndani ya sefu, chumbani. Nikamwambia sawa, ndivyo inavyotakiwa, na ufunguo je? Akasema ufunguo utakaa kwenye mfuko wa koti lake la suti, ndani ya kabati. Kabati lipo wapi? Chumba cha pili, wanakolala wajukuu. Akanyamaza kidogo halafu akaniambia, "Afande, mwanangu, kumbe mpaka niifikie hao jamaa watakuwa wameshaingia." Nikamwambia ndiyo baba. Na ukiitoa kwenye sefu ukaiweka chini ya mto ili uifikie haraka, hapo umevunja masharti ya leseni na umewawekea wale wajukuu kitu ambacho hata mimi niliyefundishwa nakishika kwa uangalifu.

Hapo ndipo penye shida yenyewe na haina ujanja. Silaha iliyofungwa vizuri iko mbali nawe usiku, na silaha iliyo karibu nawe iko karibu na kila mtu wa humo ndani, mtoto wa miaka sita, dada wa kazi, kijana anayerudi amelewa, hata wewe mwenyewe siku umegombana na mwenzako. Watu hawapendi nikisema hili la mwisho, wanaona nawatukana. Siwatukani. Risasi za wivu wa mapenzi na za ugomvi wa familia tunazisikia nchi hii, na mara nyingi silaha ni ya leseni, mwenyewe alikuwa mtu anayeheshimika, barua ya mtendaji ilimsifia. Marekani ambako watu wanamiliki bunduki nyingi kuliko nchi yoyote, zaidi ya nusu ya vifo vya risasi kila mwaka ni watu waliojiua wenyewe, na utafiti uliochapishwa huko mwaka 1993 ulikuta nyumba yenye bunduki ina hatari ya kutokea mauaji kama mara 2.7 ukilinganisha na nyumba isiyo nayo, na muuaji kwa kiasi kikubwa alikuwa ndugu au mtu wa karibu, sio mwizi wa kutoka nje. Sisi sio Marekani, najua, lakini nyumba ni nyumba na hasira ni hasira.

Halafu kuna jambo ambalo wenye silaha wenyewe hawalisemi. Jambazi akijua una bastola, hakuogopi kama unavyodhani, anaitaka. Hiyo ndiyo mali yenye thamani kuliko simu na tivii, kwa sababu nayo ataenda kufanyia kazi kwingine. Kwa hiyo yule anayejitangaza kijiweni Soweto au Kihesa kwamba "mimi niko fiti nyumbani, wajaribu waone" anajitafutia wageni, na watakuja siku wakijua hayupo.

Kama hali yako bado inakusumbua, anza na vitu vinavyofanya kazi hata ukiwa umelala. Hela ya mavuno isilale nyumbani, benki zipo Rujewa, zipo Mbalizi, zipo Mafinga, na mitandao ya simu ipo hadi kijijini, hili nashangaa bado nalisema. Mlango wa nyuma wa jikoni ndio unaovunjwa, sio ule wa mbele uliowekea grili la maua, nenda kautazame leo hiyo komeo yake. Taa ya sola ya nje yenye kuwaka mtu akipita, mbwa, namba ya simu ya jirani wa kushoto na wa kulia, filimbi. Na ulinzi shirikishi wa mtaa wako uchangie, watu wanakataa kuchangia hela ndogo ya vijana wa doria halafu mtu huyohuyo yuko tayari kutoa mamilioni anunue bastola. Kila kata ina askari wake wa Polisi Kata siku hizi, mjue kwa sura, mpe namba yako.

Sasa niongelee uzushi unaoniudhi kwa kweli. Ule wa "mwizi ukimpiga risasi akaangukia nje, mburute umuingize ndani." Sijui nani alianza kuwafundisha watu hivi. Ndugu, damu ina njia yake, ganda la risasi linaangukia sehemu yake, michubuko ya kuburuta inaonekana, na mtaalamu wa balistiki, yaani anayechunguza silaha na risasi, anaangalia mwelekeo na umbali. Ukiburuta mwili umegeuza jambo ambalo labda ulikuwa na haki nalo kuwa kesi ya mtu aliyeharibu ushahidi. Uache kila kitu kilivyo, weka silaha mahali salama usiifute, piga 112, mwite mjumbe na majirani, na kama mtu bado anapumua apelekwe hospitali, fomu ya polisi ya matibabu, PF3, itatolewa, hata kama ni mwizi.

Sheria yenyewe inasemaje. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyofuatia, inakupa haki ya kujilinda wewe, kumlinda mwingine na kulinda mali, ila kwa nguvu inayohitajika tu kwa wakati ule. Inafika hata kwenye kusababisha kifo, pale ambapo uliamini kwa dhati na kwa sababu za msingi kwamba ilikuwa lazima kufanya hivyo, mfano mtu anataka kukuua, kubaka, kuvunja nyumba usiku, kupora au kuchoma moto. Ukizidisha, unawajibika wewe. Kwa hiyo yule aliyesharuka ukuta anakimbia na spika yako mgongoni, ukimfuata hadi barabarani ukampiga risasi, usije ukaniambia ulikuwa unajilinda. Kuua kwa kukusudia adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa, kuua bila kukusudia inafika hadi kifungo cha maisha, na ukishashtakiwa kwa mauaji hamna dhamana, unakaa mahabusu huku upelelezi unaendelea, silaha yako iko kwetu kama kielelezo, duka limefungwa, watoto wanaulizwa shuleni. Hayo hata kama mwisho wa siku utaachiwa huru. Na wanaosema "nitapiga hewani tu" waelewe kwamba ile risasi inashuka sehemu, na huku kwetu nyumba zimebanana na juu ni bati.

Baada ya hayo yote kama bado unaona unahitaji, ni haki yako kuomba na hatumkatalii mtu kwa kumchukia. Ila kuomba sio kupewa, hili naomba lieleweke, kuna watu wanakuja wanagonga meza wanasema "hela ninayo, mimi mlipa kodi." Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka uwe umefikisha miaka 25, uwe na akili timamu, usiwe mtu wa vurugu, usiwe mlevi wala mtumiaji wa dawa za kulevya, na uwe umepata mafunzo ya kuitumia na kuthibitishwa kwamba unaiweza. Unaanza na barua yako serikali ya mtaa au ya kijiji, ueleze unataka silaha ya aina gani na kwa sababu gani, sababu iwe ya kwako, tunazijua zile barua za kunakili stationari zote zinasema "kulinda maisha yangu na mali zangu" bila hata kutaja mali ipi. Hapo mtaani unajadiliwa na watu wanaokufahamu, maana wao ndio wanajua kama ukinywa unapiga watu. Ikipita inaenda kata, inaenda kwa OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, inaingia kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, inapanda mkoani kwa mkuu wa mkoa na kamati yake, kisha makao makuu kwa Msajili wa Silaha. Alama za vidole zinachukuliwa, rekodi zako zinaangaliwa. Ndiyo, inachukua muda. Mtu akikwambia anakupa njia ya mkato kwa hela, kamripoti, na kama umeshampa basi umeshiriki rushwa. Usinunue silaha kwanza halafu uje kuombea leseni, wapo waliofanya hivi wakashangaa wanawekwa ndani.

Ukipata leseni, ni yako wewe peke yako. Sio ya mkeo, sio ya mdogo wako unayemwachia duka, sio ya mlinzi uliyemtoa kijijini akulindie geti. Leseni ina muda wake, ihuishe kabla haijaisha. Usiende nayo baa wala kwenye kilabu cha ulanzi, wala msibani. Ukisafiri kwa muda mrefu njoo uihifadhi kituoni, utaandikiwa, hamna usumbufu. Ikipotea au ikiibiwa toa taarifa saa hiyohiyo, sio baada ya kuitafuta wiki nzima kwa mganga, kwa sababu itakapookotwa kwenye tukio namba yake itatuleta kwako.

Na kumiliki bila leseni ni kosa linalosimama chini ya sheria ya uhujumu uchumi, ambapo watu wanahukumiwa miaka 20. Narudia, miaka 20, kwa bunduki ambayo pengine haijawahi kuua hata sungura.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya magobore. Nyanda za Juu Kusini tunayo mengi, Chunya huko, Mbarali, Idodi na Pawaga karibu na hifadhi ya Ruaha, watu wanayatumia kufukuza nyani na nguruwe pori mashambani, na mengi yametoka kwa babu. Gobore ni silaha kama silaha nyingine, liwe la kiwandani au la kufuliwa na fundi. Halirithiwi kama shamba. Baba akifariki, leseni yake haihamii kwako, bunduki inatakiwa ipelekwe polisi na wewe uombe upya kwa jina lako, ukikataliwa ndio basi. Kwenye uhakiki wa silaha wa nchi nzima mwaka 2016 wenye silaha walitakiwa kuzileta zihakikiwe, lakini bado zipo zilizobaki darini zimefungwa kwenye kiroba. Kutengeneza gobore bila kibali nako ni kosa peke yake, mafundi wa huko mnasikia.

Mwezi Septemba kila mwaka Umoja wa Afrika umeutenga kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha haramu, na serikali yetu imeshatoa vipindi vya watu kusalimisha kwa hiari bila kushtakiwa. Fuatilia tangazo, soma tarehe zake, maana msamaha una mwanzo na mwisho na ukikamatwa nje ya hapo hatuna namna. Na unaposalimisha usilibebe gobore begani ukapanda nalo bodaboda hadi mjini, utakamatwa njiani na maelezo yako hayatasikika. Mwambie mtendaji wa kijiji, mchungaji, shehe au Polisi Kata, liache lilipo bila risasi wala baruti ndani kama unajua kuitoa, kama hujui usiliguse, askari watalifuata na utaandikiwa hati ya kulipokea. Hiyo hati itunze pamoja na vyeti vyako.