Presha Huisikii, Hata Ukiapa

Wiki hii nimeambiwa tena. Dereva wa lori, mtu mzima, kaja kliniki kwa kulazimishwa na mkewe. Mashine inasoma 192/114: namba ya juu ni presha moyo unaposukuma damu, ya chini ni moyo unapopumzika. Namuuliza habari ya vidonge, anacheka. "Dokta, presha yangu naijua mwenyewe. Ikipanda nasikia kisogo kinavuta, hapo nameza. Leo niko fiti kabisa." Mfukoni anayo pakiti ya amlodipini, dawa yake ya presha ya kumeza kila siku, imekunjwa, imebaki karibu yote.

Nimechoka kulijibu hili kwa mtu mmoja mmoja kwenye benchi. Naandika.

Mishipa ya damu haina namna ya kukuambia presha imefika ngapi. Ikipanda polepole kwa miaka, mwili unazoea: kuta za mishipa zinanenepa, ubongo unajirekebishia mtiririko wake wa damu, na mwenyewe anaendelea kubeba zege na kucheza harusini. Mwenye 180 aliyeizoea anaweza kujisikia vizuri kuliko mwenye 120 ambaye jana hakulala. Tena kuna utafiti wa Norwei uliotoka mwaka 2002, watu zaidi ya 22,000, wakaulizwa baada ya miaka 11. Waliokuwa na namba ya juu ya 150 kwenda mbele walipata maumivu ya kichwa, ukiacha kipandauso, kwa kiasi cha karibu 30% pungufu kuliko wenye presha ndogo. Pungufu! Kwa nini iwe hivyo, wataalamu wana nadharia tu, na mimi sina bora kuliko zao.

"Sasa mbona kichwa kikiuma nikipimwa inakutwa juu?" Swali zuri, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Maumivu yenyewe yanapandisha presha. Jino likiuma inapanda, mguu ukivunjika inapanda, ukikosa usingizi kwa ada ya shule inapanda. Kichwa kimeanza, presha imefuata, wewe umeipima ya pili ukaifanya chanzo. Halafu unameza Panadol mbili na kidonge kimoja cha presha, nusu saa kichwa kimetulia, sifa zote anapewa asiyehusika. Amlodipini haifanyi kazi kwa nusu saa. Inahitaji masaa kufika kileleni, na kama wiki nzima ya kumeza kila siku hadi itulie kwenye kiwango chake mwilini. Kumeza siku ya kisogo tu ni kama kufunga breki baada ya gari kuingia mtaroni.

Nisiwe mwongo lakini. Ikifika 180/120 na zaidi, na pamoja nayo kuna kichwa kikali, macho kuona giza, kifua kubana, kuchanganyikiwa au mdomo kwenda upande, hiyo ni dharura. Usinywe ndimu wala usisubiri asubuhi, panda chochote chenye magurudumu ufike hospitali. Ndiyo maana imani hii haifi: ina chembe ya ukweli, na chembe hiyo inawahusu wachache.

Na wenye presha wenyewe si wachache. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta kama mtu 1 kati ya 4 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ana presha ya juu, na kama 9% wana sukari iliyopanda. Kenya mwaka 2015 hesabu ya presha ilikuwa karibu hiyo hiyo, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja. Hatari yake haingoji uumwe: kwa watu wa miaka 40 hadi 69, kuanzia 115 kila namba ya juu inapoongezeka kwa 20, uwezekano wa kufa kwa kiharusi au kwa moyo unakuwa maradufu. Mwenye 175 na mwenye 115 hawako barabara moja, ingawa wote wawili "wako fiti".

Kiharusi tunakijua sana, ila tunakiita jini au upepo mbaya. Watafiti walihesabu kiharusi wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006. Baada ya kusawazisha umri, Hai walipata kama wagonjwa wapya 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, Dar 316. Kiwango hicho cha Dar kinazidi cha nchi nyingi tajiri. Labda majini yamehamia mjini.

Eti dawa zinaharibu figo? Presha isiyotibiwa ndiyo inayoharibu figo, na sukari ikiwa pembeni yake kazi inakwenda mbio. Wanaokutwa figo zimechoka baada ya kuanza dawa, wengi walizileta zimechoka. Eti ukianza huachi? Kwa wengi ni kweli, sibishi. Wapo waliopungua uzito, wakapunguza chumvi, tukawapunguzia vidonge. Maudhi ya dawa nayo ni ya kweli: amlodipini huvimbisha miguu, kaptopili, dawa nyingine ya presha, huleta kikohozi kikavu. Njoo useme, tubadilishe. Usiache kimya kimya halafu uje na pakiti imebaki karibu yote, kama yule dereva.

Sasa nami nigeukiwe. Wamarekani mwaka 2017 walishusha mstari wa kumwita mtu mgonjwa wa presha hadi 130/80, mamilioni ya watu wakalala wazima wakaamka wagonjwa. Shirika la Afya Duniani, kwa mtu asiye na hatari nyingine, linaanzisha dawa kwenye 140/90. Mimi nafuata 140, lakini mwenye sukari mwenye 134 namkosesha nini nisipompa dawa? Na bibi wa miaka 82 anayepata kizunguzungu akisimama, nimshushe hadi wapi kabla hajaanguka akavunja nyonga? Kwake nampima amekaa, kisha amesimama, halafu nakisia. Neno ni hilo, kukisia.

Kibaya zaidi, namba tunazobishania mara nyingi zimepimwa ovyo. Mtu kashuka daladala anahema, mkanda umefungwa juu ya sweta, mkono unaning'inia, anajibu simu, kibofu kimejaa. Au mkono mnene kafungwa mkanda mdogo, namba inaruka juu, kijana anaandikiwa dawa za maisha. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono wazi mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, na siku nyingine tena. Kahawa na sigara viwe nusu saa nyuma. Muuguzi akifunga mkanda juu ya nguo mwambie, "Samahani dada, ngoja nikunje." Hatakasirika, na akikasirika bado kunja.

Zile mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono siziamini sana, nashauri ya juu ya kiwiko. Ila kama umeshanunua usiitupe. Njoo nayo kliniki, tutaifunga baada ya kupima na yetu, tuone zinapishana kwa ngapi.