Kabla hujalipia kiwanja cha ufukweni Mwanza, uliza maji yaliwahi kufika wapi

Mwezi wa tano mwaka 2020 niliitwa kurudishia bikoni, zile alama za mipaka, za kiwanja kimoja kwenye ghuba, upande wa Ilemela. Mwenyewe alikuwa amekinunua miaka michache nyuma, akazungushia ukuta wa tofali, akaweka na kageti ka kushukia ziwani, kisha akarudi Dar kutafuta fedha ya msingi. Tulipofika, bikoni mbili za mbele hatukuziona. Nguzo za kageti zilikuwa zimesimama majini, maji yamefika kwenye komeo, na juu ya nguzo moja mnandi ametandaza mabawa anayakausha.

"Mtaalamu, kuna mtu kang'oa bikoni?" mwenye kiwanja akaniuliza kwenye simu.

Hakuna aliyeng'oa kitu. Zilikuwa palepale zilipozikwa, ila chini ya maji ya kiunoni.

Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, na wanaokuja ofisini kuuliza habari za viwanja vya Luchelele, Bwiru, Igombe au Kayenze huanza na bei, halafu umeme, halafu barabara. Sijamsikia hata mmoja akianza na ziwa lenyewe. Wanalichukulia kama barabara ya lami: lipo pale, limekaa, halitasogea. Ziwa Victoria husogea.

Usawa wa maji yake umepimwa Jinja, Uganda, pale Nile inapotokea, kwa zaidi ya miaka 100. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zililianzisha, na kufikia 1964 lilikuwa limepanda kwa karibu mita 2.5. Likashuka taratibu kwa miaka mingi, hadi mwaka 2006 likawa chini kabisa, kwa ukame na kwa maji mengi yaliyoachiwa kupitia mabwawa ya umeme ya Jinja. Hicho ndicho kipindi ambacho wengi walinunua ufukweni, kwa sababu ardhi ilikuwa imeongezeka! Mchanga ulijitokeza, watu wakalima mchicha na matembele, wengine wakauziana. Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma mita 13.42, kikaipita rekodi ya 1964 kwa sentimita 1 tu. Mwaka 2024 rekodi hiyo nayo ikavukwa.

Tofauti kati ya 2006 na 2020 ni karibu mita 3 za kwenda juu. Ukizitaja mezani hazimtishi mtu, maana ni kimo cha dari. Sasa zipeleke ufukweni. Kwenye ardhi inayoteremka mita 1 katika kila mita 20, maji yakipanda mita 3 yanaingia ndani mita 60. Kwenye tambarare inayoteremka mita 1 katika kila mita 50, yanaingia mita 150, na hapo yameshapita nyumba, choo na pengine barabara ya mtaa. Capri Point, mawe yanakoshuka karibu wima, mita hizohizo 3 huishia kulowesha mwamba. Kwa hiyo mtu akiniambia amepata kiwanja "safi, tambarare, mchanga mtupu", mimi ndipo naanza kuwa na wasiwasi. Mawe ya Mwanza yanamchosha fundi wa msingi, lakini ni majirani wazuri kuliko mchanga.

Kuna jambo la majira pia. Kwa kawaida ziwa huwa juu kabisa mwezi wa tano na wa sita, masika yakiwa yameisha, na huwa chini mwezi wa kumi kuelekea vuli. Dalali anajua. Akikupeleka kuona kiwanja mwezi wa tisa, vumbi likitimka na watoto wakicheza mpira ufukweni, mshukuru, kisha umwambie utarudi mwezi wa tano. Kama hawezi kusubiri, soma mwenyewe alama za pale. Angalia mawe makubwa: juu ya usawa wa maji ya leo utaona mstari mweupe uliofifia, wakati mwingine miwili. Hapo maji yalikaa. Chimbua kidogo kwa jembe ukiwa mita 40 au 50 kutoka ufukweni. Ukikuta makombe ya konokono na kokoto laini zilizosuguliwa, unasimama kwenye sakafu ya ziwa. Yakiwapo mafunjo au matete upande wa nyuma wa kiwanja, maji yako karibu chini yake hata kama juu pamekauka. Na muulize mzee aliyevua hapo tangu ujana, si kijana mwenye bodaboda aliyekuleta. Mara nyingi atakuonyesha mti, mwembe au mkuyu, aliowahi kufungia mtumbwi. Mpime huo mti uko umbali gani na maji ya leo.

Nimeanza na maji, na sheria inakuja nyuma yake kwa sababu inazungumzia maji hayohayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na ziwa, kingo za mito na mabwawa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inakazia mita hizohizo 60 kwa vyanzo vya maji. Wengi wameisikia namba hiyo. Wanachokosea ni pa kuanzia. Wananyoosha futi kutoka kwenye maji waliyoyakuta siku hiyo, mwezi wa tisa, wanahesabu mita 60, wanachimba msingi. Miaka miwili baadaye nyumba iko mita 25 kutoka majini na afisa mazingira yuko mlangoni. Mimi huanzia kwenye alama ya juu ambayo maji yamewahi kuacha, na mteja akinung'unika namwambia anung'unike sasa kabla hajanunua saruji. Ukitaka neno la wenye mamlaka, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ina ofisi yake hapahapa Mwanza, na NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, wana ofisi ya kanda. Andika barua, ambatanisha mchoro, subiri majibu ya maandishi. Majibu ya mdomo hayawekwi kwenye faili.

Utaambiwa, "Mbona hoteli ile iko majini kabisa?" Huenda ilijengwa kabla ya 2004, huenda ina kibali chake, huenda ina kesi. Kiwanja chako hakirithi kibali cha jirani.

Yule bwana wa kageti, tulipopima upya, kiwanja chake kilikuwa na urefu wa mita 90 kutoka barabara ya mtaa hadi bikoni za mbele zilizozama. Alama ya juu ya maji ilikuwa imekula mita 16 kutoka mbele. Tukatoa na 60 za sheria, akabakiwa na ukanda wa mita 14 mgongoni mwa barabara. Alikuwa amelipia mita zote 90 kwa bei ya ufukweni.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi, maana taratibu ni zilezile za wilaya za Nyamagana na Ilemela nzima, si za ufukweni peke yake. Ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, na unachonunua ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati, 33, 66 au 99. Soma miaka iliyobaki. Soma pia matumizi, kwa sababu karibu na ziwa kuna viwanja ambavyo kwenye mchoro wa mipango miji ni eneo la wazi au hoteli, huku muuzaji anavinadi kama makazi. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kwa namba ya kiwanja na kitalu, uone jina la mmiliki na kama kuna benki iliyokishikilia. Mhuri wa mwenyekiti wa mtaa ni ushahidi kwamba anawafahamu mliouziana, haukupi umiliki.

Mashamba mengi ya ufukweni yalikuwa ya mzee mmoja, na watoto ni tisa. Anayekuja kwako na bei nzuri ni mmoja wa hao tisa. Mzee akiwa marehemu, dai barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi. Akiwa hai na ana mke, ridhaa ya mke iandikwe na isainiwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa kimyakimya. Kwenye mkataba andikeni nani analipa nini: ushuru wa stempu ni asilimia 1, na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni ya muuzaji, ni asilimia 10 ya faida kwa mkazi. Muuzaji akishapokea fedha na kuzima simu, uhamisho hautasajiliwa mpaka kodi hiyo ilipwe, na atakayekuwa amesimama dirishani ni wewe.

Sasa choo. Hakuna anayependa kukizungumzia wakati wa kununua, na ndicho kinachoumiza watu. Mlimani, mwamba haukuachii kuchimba. Ndiyo maana milima ya Mwanza iliwekewa mfumo rahisi wa majitaka, mabomba membamba yanayoteremka kati ya nyumba. Ufukweni tambarare unachimba kwa urahisi, kisha maji yanapanda kutoka chini. Jaribu hivi: mwezi wa nne au wa tano chimba shimo la mita 1.5, lifunike, rudi kesho yake asubuhi. Likiwa na maji, shimo la choo la kawaida litajaa bila hata kutumiwa, na kilichomo kitaenda kisimani kwako na ziwani. Utahitaji tenki lililofungwa chini na gari la kunyonya, kwa hiyo hakikisha gari hilo linaweza kufika. Maji ya bomba yana nafuu zaidi siku hizi upande wa kusini, tangu chanzo cha Butimba chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku kianze kazi. Hata hivyo, muulize jirani yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Wanaotoka Dar huniuliza kuhusu kutu. Waondoe shaka, haya ni maji baridi, hayana chumvi, na bati lao litadumu. Waogope kichocho. Konokono wake wanakaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, palepale watoto wanapopenda kuchezea, na vimelea hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Maji ya ziwa ya kuogea yakae kwenye pipa lililofunikwa siku 2 kwanza. Dawa yake, prazikwanteli, ipo, lakini mtoto akirudi majini anaambukizwa tena.

Viboko nao hutoka usiku kula majani. Kila mwenye bustani ya nyanya ufukweni anaijua njia yao, kwa hiyo muulize kabla hujachora ukuta.

Na kuna vijidudu vya ziwani, vile vinavyoinuka juu ya maji kama moshi wa tanuri la tofali. Haviumi. Hutoka zaidi siku za mwezi mwandamo, hufuata taa, na asubuhi unavifagia barazani kwa koleo. Wenyeji huzima taa za nje mapema siku hizo na kufunga madirisha ya upande wa ziwa. Ukienda kuona nyumba, nenda jioni ya siku kama hizo, ukae barazani mpaka saa mbili usiku, ndipo mzungumze bei.