Kwa Nini Kopepodi Huisha Tangini Hata Ukiwaongeza Kila Mwezi?

Umenunua chupa ya kopepodi, viumbe vidogo vya majini wanaoliwa na samaki wa tangi la maji ya chumvi, ukaisafirisha hadi Kisumu ndani ya boksi lenye barafu, ukaimwaga tangini jioni. Wiki mbili baadaye kioo cheupe, hakuna hata nukta moja inayotembea. Wengi hulaumu chupa, au chakula. Lakini mara nyingi kinachokosekana ni nafasi: tangi zima halina mwanya ambao mdomo wa samaki hauwezi kuingia.

Kopepodi ni wa ukoo wa kamba na kaa. Tisbe, anayefugwa sana kwenye matangi ya matumbawe, hafikii mm 1 kwa urahisi hata akikomaa. Akitoka kwenye yai hupitia hatua 6 za ubuu, kisha nyingine 5 kabla ya kuwa mzazi, na kwenye maji ya nyuzi 25 hiyo ni safari ya wiki moja hadi mbili. Samaki wa mandarini, samaki mdogo wa matumbawe anayekula kopepodi, hasubiri wiki mbili. Yeye hudonoa mwamba kutwa nzima, na jike aliyebeba mfuko wa mayai ndiye tonge linaloonekana zaidi. Wazazi wakiliwa kabla watoto hawajakomaa, hesabu imekwisha, hata ukiongeza chupa ngapi.

Omena wa Ziwa Victoria nao hula kopepodi na hawajawamaliza. Tofauti ni kwamba ziwa lina kilomita za mraba 68,800 na tangi lako lina lita 150. (Na usijaribu kuwachota wale wa ziwani: wamezoea maji yasiyo na chumvi, na chumvi ya gramu 35 kwa lita huwafyonza maji mwilini wakafa.)

Makao mazuri basi ni mianya mingi ya kati ya mm 1 na mm 5, ambamo maji yanapita. Rundo lililoshikana halifai, maana halina njia. Mawe makubwa matupu nayo hayafai, maana samaki huingiza pua. Kisanduku kifuatacho kinatosha kuanzia.

Kata vipande 6 vya wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya mm 3 au 4, kila kimoja sm 10 kwa sm 10. Vishone kwa mshipi wa nailoni, ule wa kuvulia, lakini uache upande mmoja ufunguke kama kifuniko. Ndani kunaingia lita moja ya vipande vya mawe: vya sm 2 hadi 3 chini, vya sm 1 juu, ili uchafu ushuke na kutoka badala ya kukwama katikati. Usishindilie. Kiinue sm 2 kutoka kwenye mchanga kwa vipande vinne vya bomba la PVC. Tangi la lita 150 linahitaji visanduku viwili, kimoja nyuma ya mwamba na kingine kwenye tangi la chini, yaani lile la kuchujia lililo chini ya tangi kuu.

Mawe tunayopendelea ni yale ya matumbawe ya kujengea, yanayochimbwa nchi kavu huko Pwani. Dondoshea siki: likitoa povu, ni chokaa. Tupa kipande chenye saruji au doa la kutu. Osha hadi maji yatoke safi, kisha loweka wiki moja. Usiokote matumbawe baharini. Ndani ya hifadhi za taifa za bahari, kama Watamu na Malindi, ni marufuku kuchukua kitu. Mawe ya volkeno ya upande wa Nakuru yana vitundu vya kutamanisha, ila hujui yamebeba madini gani, na kwenye tangi la chumvi tungeyaacha. Dodoki la mmea huoza. Dodoki la plastiki la kuoshea sufuria, lisilo na sabuni wala kemikali, hufanya kazi vizuri sana. La chuma, hapana.

Kuna kosa moja ambalo kanda ya ziwa inaliomba kabisa: kukata chandarua cha zamani ukitumie kama wavu. Matundu yake ni madogo, yanavutia, lakini vyandarua vingi vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi. Dawa hiyo hutengenezwa kuua mbu, na kopepodi ni jamaa wa karibu wa wadudu. Kiasi kidogo tu humaliza kopepodi, kamba na kaa wote. Dawa ya kupuliza chumbani ni vilevile, kwa sababu pampu ya hewa huivuta na kuipeleka majini. Ukilazimika kupuliza, zima pampu hiyo, funika tangi, fungua madirisha muda mrefu kabla ya kuiwasha tena. Dawa za samaki zenye shaba nazo zibaki kwenye tangi la matibabu.

Jambo jingine ambalo vitabu vya wafugaji wa pwani havitaji ni mwinuko. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru takriban 1,850. Maji ya bahari ya nyuzi 25 hubeba oksijeni ya karibu mg 6.7 kwa lita kule Mombasa. Kisumu ni kama 5.9, Nakuru 5.4. Kwa hiyo mwanya uliojaa uchafu huku hukosa hewa mapema zaidi, hasa umeme ukikatika usiku. Kisanduku kikae mahali maji yanapita polepole, si mbele ya pampu. Weka pampu ya hewa ya betri tayari. Tena, wa Nakuru wapitishe maji ya kuchanganyia chumvi kwenye kichujio cha osmosi, kile kinachoondoa madini, kwa kuwa maji ya visima vya huko hujulikana kwa floraidi nyingi.

Katika tangi la chini, mwani wa Chaetomorpha wa ukubwa wa ngumi mbili huongeza makao. Uwashie balbu ya LED ya wati 10 wakati taa za juu zimezimwa. Soksi ya kuchujia iondoe kwa siku mbili baada ya kumwaga kopepodi, na taa ya UV (ya kuua vijidudu majini) uizime kwa muda huohuo, la sivyo umewalisha kichujio. Wape mwani wa kimiminika hadi maji yawe na ukijani hafifu unaopotea baada ya saa chache. Yakibaki kijani hadi kesho yake, umezidisha.

Mandarini asiingie kabla ya wiki 6 tangu umwage kopepodi. Kupima ni rahisi: saa moja baada ya taa kuzimwa, mulika kioo kwa tochi kutoka pembeni. Nukta nyeupe inayotambaa, ikasimama, ikaruka ghafla ni kopepodi. Inayoteleza bila kusita ni mnyoo bapa. Kila mwezi inua kisanduku kimoja tu, kitikise mara tatu ndani ya beseni jeupe lenye maji ya tangi. Tope likitua, mimina maji ya juu na kopepodi wake tangini taratibu, na tope ulimwage. Kisanduku cha pili usikiguse hadi mwezi ujao.